"Bamutoshe" ao "bamuache atumike": nani anaamua kocha aende?

Mashabiki wa mpira wa Baraka na Fizi-Centre wana maneno mawili kwa kocha wa ekipe inayopoteza. Kundi la kwanza linasema "bamutoshe". La pili linajibu "bamuache atumike". Maneno hayo yanasikika juu ya Mazembe na Vita, juu ya Simba na Yanga, juu ya Arsenal na Manchester United, na hata juu ya ekipe ya mtaa ambayo kocha wake halipwi franga moja. Makala hii inaeleza jinsi kocha anavyoondolewa, nani mwenye neno la mwisho, kumuondoa kunagharimu nini, na shabiki ana nafasi gani ya kweli katika mambo hayo.

Mgeni anaweza kuuliza kwa nini mtu wa Baraka agombane na jirani yake juu ya kocha wa Dar es Salaam. Jibu liko ng'ambo ya ziwa. Vita vya 1996 na vya 1998 vilisukuma maelfu ya watu wa Fizi kuvuka Tanganyika hadi mkoa wa Kigoma, na wengi wao wakaishi miaka katika kambi ya Nyarugusu. Kuanzia 2005 wengi walirudi kwa meli kupitia Baraka. Mtoto aliyekulia kule alisikiliza mpira kwa radio za Tanzania, na aliporudi alileta Simba yake ao Yanga yake pamoja na turubai na sufuria. Wakubwa walibaki na Mazembe na Vita, timu za nchi. Arsenal, Chelsea na Barcelona zikaja na vibanda vya video. Ndiyo maana katika nyumba moja baba, mama na watoto wanaweza kulilia makocha watatu tofauti siku moja.

Kisa cha Yanga

Kisa kinachofundisha zaidi kwa siku za karibuni ni kile cha Yanga na Romain Folz. Huyu ni kocha kijana wa Ufaransa, mzaliwa wa 1990, aliyepewa kazi Julai 2025. Mwanzo wake haukuwa mbaya kwa matokeo. Septemba aliifunga Simba 1-0 na kuchukua Ngao ya Jamii, kisha Yanga ikaitoa Wiliete ya Angola katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Hata hivyo mashabiki wengi walikuwa wamekwisha kumchoka. Hawakulalamikia matokeo, walilalamikia namna: mpira ulikuwa mzito, ekipe haikucheza ule mchezo waliozoea kuuona. Sare ya 0-0 na Mbeya City ikaongeza kelele. Tarehe 18 Oktoba Yanga ikapoteza 1-0 kule Malawi mbele ya Silver Strikers, na siku ileile klabu ikatangaza kuachana naye.

Waliosema "bamutoshe" walijiona wameshinda. Yanga ilishinda marudiano 2-0 na kuingia hatua ya makundi, na kazi ikachukuliwa na Pedro Gonçalves, Mreno aliyekuwa kocha wa timu ya taifa ya Angola. Lakini angalia vizuri hapo. Silver Strikers walikuwa ekipe ambayo Yanga ilitazamiwa kuifunga nyumbani, akiwa Folz ao mwingine. Ushindi wa marudiano haukuthibitisha kwamba kocha ndiye alikuwa ugonjwa.

Tena historia ya Yanga yenyewe haiko upande wa kundi moja. Nasreddine Nabi alikaa tangu Aprili 2021 hadi Juni 2023, akachukua ubingwa mara mbili na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, ambako USM Alger waliwashinda kwa sheria ya magoli ya ugenini. Hiyo ni faida ya subira. Lakini msimu wa 2024/25 Yanga ilipita mikononi mwa makocha watatu, Miguel Gamondi, Sead Ramovic na Miloud Hamdi, na bado ikawa bingwa. Hapo subira haikuhitajika. Klabu yenye wachezaji wazuri na franga za kutosha inaweza kubadilisha kocha mara nyingi bila kuanguka. Klabu isiyo navyo haiwezi kuiga hilo.

Kwa jirani zake Simba, mlango umezunguka zaidi. Didier Gomes aliondoka Oktoba 2021 baada ya Jwaneng Galaxy ya Botswana kushinda 3-1 pale Dar es Salaam. Baada yake wakaja Pablo Franco na Zoran Maki, na Juma Mgunda akaitwa kuziba pengo. Roberto Oliveira "Robertinho" aliondolewa siku mbili baada ya kipigo cha 5-1 kutoka kwa Yanga, tarehe 5 Novemba 2023. Abdelhak Benchikha hakumaliza msimu. Aliyefika mbali ni Fadlu Davids: aliipeleka Simba fainali ya Kombe la Shirikisho 2025, ikafungwa na RS Berkane ya Morocco. Na huyo, ambaye mashabiki wengi walitaka abaki, aliondoka Septemba 2025 kwenda Raja Casablanca. Katika miaka yote hiyo, tangu msimu wa 2021/22 hadi 2024/25, ubingwa wa Tanzania ulikaa kwa Yanga. Shabiki wa Simba aliyepiga kelele kila mara alipata kile alichodai, kasoro kombe.

Chui wa Kongo

Nyumbani mfano mkubwa ni timu ya taifa. Kweli timu ya taifa si klabu, na mshahara wa kocha wake unatoka kwa serikali, si kwa prezida wa ekipe. Lakini mabishano ni yaleyale.

Héctor Cúper wa Argentina alifika 2021 na jina kubwa, kwa sababu aliwahi kuipeleka Valencia fainali mbili za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Machi 2022 Kongo ilitoka sare 1-1 na Morocco mjini Kinshasa, kisha ikafungwa 4-1 Casablanca na kukosa Kombe la Dunia la Qatar. Juni ikapoteza mechi mbili za kwanza za kutafuta tiketi ya Kombe la Afrika, mbele ya Gabon pale Kinshasa na mbele ya Sudan ugenini. Cúper akaondolewa. Hapo wachache walimtetea.

Agosti 2022 akaja Sébastien Desabre, Mfaransa ambaye Afrika Mashariki ilimjua kwa kazi yake na timu ya Uganda. Kundi lile lililoanza na vipigo viwili, Kongo ikalimaliza ikiwa ya kwanza. Kule Côte d'Ivoire, mwanzoni mwa 2024, haikushinda mechi hata moja katika kundi: sare na Zambia, sare na Morocco, sare na Tanzania. "Bamutoshe" ikaanza kusikika. Kisha golikipa Lionel Mpasi akapiga penalti iliyoitoa Misri, Guinea ikafungwa 3-1, na Kongo ikamaliza ya nne.

Kelele zilirudi tarehe 9 Septemba 2025. Pale uwanja wa Martyrs, Kongo iliongoza Senegal 2-0, ikapoteza 3-2, na tiketi ya moja kwa moja ya Kombe la Dunia ikaponyoka. Usiku ule lawama zilimwangukia kocha: alibadilisha wachezaji vibaya, alirudi nyuma mapema, alimuogopa mpinzani. Hazikuwa hoja za kijinga. Lakini hakuondolewa, na miezi miwili baadaye, nchini Morocco, Chancel Mbemba akaifunga Cameroon dakika za mwisho, na siku tatu baadaye Nigeria ikatolewa kwa penalti. Kama Desabre angefukuzwa Septemba, mechi hizo mbili zingekuwa za kocha aliyekutana na wachezaji wake kwa siku chache tu. Hakuna awezaye kuapa kwamba huyo mwingine angeshindwa. Mbele ya mechi mbili za kufa ao kupona, hata hivyo, kocha anayejua tabia za wachezaji wake ana faida ambayo haionekani kwenye karatasi.

Kisha kuna Florent Ibenge. Aliiongoza AS Vita Club tangu 2014 hadi 2021. Alipoteza fainali mbili za Afrika: Ligi ya Mabingwa 2014 mbele ya ES Sétif, na Kombe la Shirikisho 2018 mbele ya Raja. Kwa klabu nyingi fainali moja iliyopotea inatosha kumfukuza mtu. Vita ilimuacha atumike. Aliondoka mwenyewe kwenda Berkane, na mwaka wa kwanza tu, 2022, akabeba Kombe la Shirikisho. Mwaka 2025 alikwenda Azam FC, ng'ambo hapo.

Nani mwenye neno la mwisho

Shabiki anapiga kelele, lakini hasaini barua. Katika TP Mazembe, iliyoanzishwa 1939, uamuzi mkubwa unapita kwa Moïse Katumbi, prezida wa klabu tangu 1997. Kwa Simba na Yanga, klabu ni za wanachama, na wanachama wanapiga kura kuchagua viongozi. Hawapigi kura kuchagua kocha. Barcelona na Real Madrid ni vilevile: mwanachama anachagua prezida, prezida na komite yake wanachagua kocha. Arsenal na Manchester United zina wenyewe walionunua hisa, na shabiki wa kule hana kura hata ndogo. Silaha yake ni kutonunua tiketi, kutonunua jezi, na kuzomea.

Kuvaa jezi na kuwa mwanachama ni mambo mawili tofauti, na mabishano mengi yanaharibika kwa kuyachanganya. Mwenye kadi na mchango ana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu: kocha alichaguliwa kwa misingi gani, aliahidi nini, amepewa wachezaji gani. Aliye nje anatoa maoni. Maoni si mabaya, lakini hayamfungi mtu.

Jambo ambalo mashabiki wengi hawalijui ni hili: kupoteza mechi, peke yake, si sababu ya kisheria ya kuvunja kontra ya kocha. Tangu tarehe 1 Januari 2021 FIFA ina sheria maalum za mikataba ya makocha. Kontra iandikwe, itaje pande zote mbili, muda, mshahara, na iwe na sahihi. Klabu ikiivunja bila sababu ya haki, inadaiwa mishahara ya muda uliobaki. Kocha akipata kazi nyingine katika muda ule, anachokipata kule kinapunguzwa katika deni. Hukumu za FIFA na za mahakama ya michezo ya Lausanne zimesema mara nyingi kwamba matokeo mabaya hayatoshi kuwa sababu ya haki. Sababu ya haki ni makosa ya mtu mwenyewe. Julai 2020 Yanga ilimfukuza Mbelgiji Luc Eymael baada ya sauti yake kusambaa akiwatukana mashabiki kwa maneno ya ubaguzi. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kufungwa 3-0.

Sheria inamlinda kocha hata akitaka kuondoka. Asipolipwa mishahara miwili, anaiandikia klabu na kuipa siku 15. Zikipita bure, anaweza kwenda zake na bado akadai. Na FIFA ikikwisha kuhukumu, klabu ina siku 45 za kulipa. Isipolipa inafungiwa kusajili wachezaji wapya, hadi vipindi vitatu mfululizo. Kwa hiyo unaposikia kwenye radio kwamba klabu na kocha "wameachana kwa makubaliano ya pande mbili", mara nyingi maana yake ni kwamba walikaa mezani na kukubaliana kiasi cha franga ili wasifike kwa hakimu. Msamiati huo mzuri unaficha bei.

FIFA inashughulikia kesi zenye sura ya kimataifa, yaani kocha wa nchi moja na klabu ya nchi nyingine. Kocha Mkongomani katika klabu ya Kongo anafuata njia za nyumbani. Akiwa ana kazi ya mshahara, Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamhusu: kontra inapaswa kuandikwa, na kama haikuandikwa inahesabiwa kuwa haina mwisho uliowekwa mpaka ithibitishwe vingine, na kuivunja kunataka sababu inayoeleweka.

Je, kumbadilisha kocha kunasaidia?

Wapo watafiti waliopima. Mchumi Bas ter Weel wa Uholanzi alichunguza ligi ya nchi yake kwa karibu miaka ishirini, kuanzia 1986, akilinganisha klabu zilizofukuza kocha na zile zilizokuwa na matokeo mabaya yaleyale bila kufukuza. Alikuta kwamba zote mbili zinapanda tena kwa namna inayofanana. Ekipe inayopoteza mechi nne mfululizo mara nyingi iko chini ya uwezo wake wa kawaida, na ingerudi juu hata bila kocha mpya. Kocha mpya anafika siku ile mvua inapoanza, kisha anasifiwa kwa mvua.

Uingereza inatoa picha mbili ambazo mashabiki wa hapa wanazirusha kila jioni. Mikel Arteta alianza Arsenal Desemba 2019, akamaliza nafasi ya nane mara mbili mfululizo. Hashtagi za kumtaka aende zilijaa. Aliachwa, na tangu 2023 hadi 2025 Arsenal ilimaliza ya pili misimu mitatu. Manchester United, baada ya Alex Ferguson kustaafu 2013, iliwaondoa Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjær, Ten Hag, na Januari 2026 Amorim. Ubingwa wa Uingereza haijauona tena. Wa "bamuache atumike" wanapenda mfano huu kupita kiasi, maana wanasahau kwamba Arteta alinunuliwa wachezaji wa bei kubwa. Muda bila wachezaji haupiki kitu.

Ekipe zetu za hapa

Kushuka kutoka huko hadi tereni za Baraka, Mboko ao Fizi-Centre ni kubadilisha mchezo wote. Juu kuna FECOFA, chini yake ligi ya mkoa LIFSKI yenye makao Bukavu, kisha vyama vya miji na vya maeneo. Tangu Bukavu iingie mikononi mwa AFC/M23 Februari 2025, safari ya ekipe ya Fizi kwenda kule si kitu cha kupanga kirahisi, na mechi nyingi zinabaki kuwa za jirani kwa jirani.

Kocha wa ekipe kama hizo kwa kawaida ni mtu wa kujitolea: mwalimu wa shule, mchezaji wa zamani, kijana mwenye filimbi. Hana kontra. Anayemuondoa ni komite, na mara nyingine ni yule mwenye kununua jezi. Ndiyo maana hapa kelele za mashabiki zina nguvu kuliko Dar es Salaam ao London. Watu ishirini wakisimama kando ya tereni wakiimba jina la kocha mwingine, mtu wa kujitolea anaweza kwenda nyumbani na asirudi. Na mara nyingi hakuna anayengoja mlangoni kuchukua nafasi yake.

Kabla ya kusema "bamutoshe" kwa kocha wa namna hiyo, maswali ya kweli ni ya kawaida kabisa. Wachezaji walifanya mazoezi mara ngapi wiki ile? Mipira iko mingapi? Nani alikuwa shambani, nani ziwani kuvua, nani alicheza bila viatu? Ekipe iliyofanya mazoezi na wachezaji saba haiwezi kupangwa vizuri na mtu yeyote. Upande mwingine, kocha anayempanga mdogo wake kila Jumapili, anayekula mchango wa safari, ao anayemsumbua mchezaji mtoto, hapaswi kulindwa kwa jina la subira. Huyo aondolewe hata kama anashinda.

Hatari kubwa zaidi katika Fizi ni pale hoja ya mpira inapogeuka hoja ya kabila. Kocha akipoteza anasemwa kwa kijiji chake, kwa wajomba zake, kwa lugha anayoongea na wachezaji fulani. Ekipe ni moja ya sehemu chache ambako vijana wa jamii tofauti wanavaa rangi moja, na pamoja nao wakimbizi Warundi wa Lusenda wanaopenda mpira kama wengine. Anayeongoza mjadala, awe prezida wa mashabiki ao mwendesha kundi la WhatsApp, anaweza kuukata hapo kwa swali moja: kosa gani la mpira alilofanya, katika mechi gani?

Komite ikiamua kweli kumbadilisha, mambo yanakwenda vizuri zaidi yakifanyika kwa karatasi, hata kama ekipe ni ndogo. Kocha anaitwa, anasikilizwa, anaambiwa sababu mbele ya mashahidi wawili ao watatu, na uamuzi unaandikwa katika daftari la mkutano. Kisha anakabidhi: jezi zihesabiwe, mipira, filimbi, pampu, na hasa lisansi na majina ya wachezaji yenye tarehe zao za kuzaliwa. Karatasi hizo zinapobaki kwa mtu aliyeondoka kwa hasira, ekipe inakosa kucheza wiki mbili, tatu, ikimtafuta.